Shajara ya matuta matatu: kilichomo ndani ya mboga na udongo ulioiotesha

Kabla ya jembe

Kipande chetu cha majaribio ni kidogo na kimekaa kwenye mteremko, na mteremko huo ndio uliotufanya tukichague. Juu kuna udongo wa kichanga uliooshwa na mvua kwa miaka mingi. Katikati palikuwa na zizi zamani, na udongo wake ni mweusi, laini, unanukia vizuri ukiushika mkononi. Chini kabisa ni mfinyanzi mzito, unaonata ukilowa na kupasuka ukikauka. Tumeinua tuta moja kila mahali. Mbegu ni zile zile, maji ni yale yale, na wanaopalilia ni sisi sisi.

Kujua mboga itastawi wapi hakuhitaji mradi, maana jicho linatosha. Tunachotaka kujua ni tuta lipi litatoa mboga yenye nini ndani yake: madini kiasi gani, utamu kiasi gani, maji kiasi gani, na kama tunda linalovutia kwa macho linamnufaisha mlaji vilevile.

Kuna jambo la kuliweka sawa mapema, kwa sababu mazungumzo mengi ya udongo na lishe huteleza hapa. Mmea haunyonyi vitamini kutoka ardhini. Vitamini C, karotini na nyinginezo huzitengeneza wenyewe kwa mwanga, maji na hewa ya ukaa. Udongo unaupa madini: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu, salfa, na yale yanayotakiwa kwa chembe tu kama chuma, zinki, manganizi, shaba, boroni na molibdeni. Kwa hiyo mkono wa udongo kwenye madini ni wa moja kwa moja. Kwenye vitamini unapitia mlango wa nyuma, kwa kuushibisha mmea kupita kiasi, kuunyima, au kuuacha na kiu.

Vifaa tulivyonavyo ni mizani, tanuri dogo la kukaushia, refraktomita, na karatasi za kupimia nitrati, yaani naitrojeni katika hali ambayo mzizi huinyonya, kwenye utomvu. Sampuli chache zitakwenda maabara mwishoni. Refraktomita inapima vitu vilivyoyeyuka kwenye utomvu, na sehemu kubwa ya hivyo ni sukari. Haioni zinki wala chuma. Wanaoisifu kuwa inapima lishe wanaipa sifa isiyo yake.

Sampuli za udongo

Tumechukua udongo kwa mwendo wa zigizaga, kina cha sentimita 15 hadi 20, tukachanganya kwenye ndoo ya plastiki. Plastiki si anasa: ndoo ya bati lililopakwa zinki inaweza kuachia zinki kwenye sampuli, na jibu la maabara likasema udongo una utajiri ambao haupo.

Tumefanya pia jaribio la chupa. Udongo nusu chupa, maji, tone la sabuni, kutikisa, kuacha. Mchanga hutua karibu papo hapo, tope laini huchukua saa kadhaa, mfinyanzi unaweza kuning'inia siku nzima na zaidi. Chupa ya tuta la chini bado ina maji ya mawingu ninapoandika.

Majibu ya maabara ya udongo

Tuta la juu: pH (kipimo cha tindikali, ambapo chini ya 7 ni tindikali na juu yake ni alkali) 5.1, mboji kidogo, potasiamu kidogo. Tuta la kati: pH 6.5, mboji nyingi, fosforasi nyingi mno kiasi kwamba maabara imeandika tusiongeze kabisa. Tuta la chini: pH 7.8, kalsiamu na potasiamu za kutosha, chumvi imeanza kupanda kidogo.

Mwenzangu alisoma karatasi ya tuta la chini akauliza, "Sasa hapa chuma kimejaa, kwa nini wanatuonya kuhusu upungufu wa chuma?" Ni swali la maana kuliko mengine yote ya msimu huu. Udongo unaweza kuwa na chuma tele na mmea ukafa njaa ya chuma, kwa sababu mzizi huchukua kile tu kilichoyeyuka kwenye maji ya udongo. pH inapopanda juu ya 7, chuma, zinki, manganizi na shaba hujifunga katika hali zisizoyeyuka. pH inaposhuka chini ya kama 5.5, hali inageuka: alumini inaanza kuyeyuka na kuumiza ncha za mizizi, na fosforasi inashikwa na chuma pamoja na alumini. Kwenye udongo wenye chokaa nyingi, fosforasi hiyo hiyo inashikwa na kalsiamu. Molibdeni peke yake inakwenda kinyume na wenzake wa kundi la chembe: kadiri pH inavyopanda ndivyo inavyopatikana zaidi.

Ndiyo maana mboga nyingi hupewa pendekezo la pH kati ya 6.0 na 7.0. Katika eneo hilo hakuna kirutubisho kinachofungiwa sana.

Maandalizi

Tuta la juu tumeligawa: nusu moja imepata chokaa, nusu nyingine imebaki ilivyo. Chokaa haifanyi kazi kwa haraka, inahitaji unyevu na miezi, kwa hiyo iliwekwa mapema kabla ya kuatika miche. Tuta la kati halikuongezewa chochote. Hapa pamekuwa na mabishano, maana kuna mazoea kwamba samadi haijawahi kumdhuru mtu. Tuta la chini limepata mboji na halikuguswa likiwa limelowa, kwa sababu mfinyanzi ukilimwa ukiwa na maji hujifunga mabonge ambayo mzizi hauyapenyi.

Tumepanda spinachi, nyanya, koliflawa, kitunguu, karoti, maharage ya kijani na kiazisukari chekundu cha saladi.

Miche imeshika

Maharage ya tuta la chini yameanza kuonyesha umanjano kwenye majani machanga, huku mishipa ikibaki kijani. Ni alama ya upungufu wa chuma. Umri wa jani lililoathirika unasema mengi kuliko rangi yenyewe. Naitrojeni, potasiamu na magnesiamu zinahamishika ndani ya mmea, kwa hiyo mmea ukipungukiwa huzitoa kwenye majani ya zamani na kuyapa machanga, na umanjano unaanzia chini. Chuma, kalsiamu na boroni hazihamishiki kwa urahisi. Zikipungua, anayeumia ni jani jipya. Kabla ya kukimbilia mfuko wa mbolea, mtu aangalie kwanza jani lipi linalia.

Kwenye nusu ya tuta la juu isiyo na chokaa, koliflawa zina majani ya ajabu: bapa la jani limesinyaa, umebaki uti wa kati na vipande vya kijani pembeni. Ni njaa ya molibdeni, ugonjwa unaojulikana sana kwenye koliflawa za udongo wenye tindikali. Hatua chache pembeni, kwenye chokaa, majani ni mapana. Hatukuongeza molibdeni hata chembe. Ilikuwemo, ila ilikuwa imefungwa.

Tulikata vikonyo vya koliflawa hizo zilizodhoofika tukapima utomvu kwa karatasi ya nitrati. Rangi ilikolea. Tuta maskini wa naitrojeni, mmea uliodumaa, na bado nitrati imejaa! Maelezo yake yako kwenye kimeng'enya kinachoanza kazi ya kugeuza nitrati kuwa protini: katikati yake kuna molibdeni. Bila hiyo, nitrati inaingia na kukaa ghalani bila kutumika. Mwenzangu aliandika jambo hili kwa kalamu nyekundu.

Nyanya zinaoza kitako

Nyanya za mwanzo za tuta la juu zina doa la majimaji chini ya tunda, linageuka jeusi na kudidimia. Kila anayepita anasema "kalsiamu", na anapatia nusu.

Kalsiamu husafiri ndani ya mmea ikibebwa na mkondo wa maji yanayopanda kutoka mizizini. Maji hufuata pale yanapopotea zaidi, na jani hupoteza maji mengi kuliko tunda. Kwa hiyo jani linapata mgawo mnono na tunda linapata makombo. Kisha kalsiamu ikishafika kwenye jani haishuki tena kwenda kwenye tunda, kwa sababu njia inayobeba sukari karibu haiichukui kabisa. Kiu ya muda mfupi wakati tunda likiwa dogo inatosha kuua seli za kitakoni, na doa linaonekana baadaye, mtu akiwa amesahau kwamba palikuwa na ukame.

Hapo ndipo mchanga unapoponza. Haushiki maji, unalowa na kukauka kwa zamu. Kunyunyizia kalsiamu majani hakusaidii sana, kwa sababu iliyotua kwenye jani inabaki kwenye jani. Tulichofanya ni matandazo mazito na umwagiliaji wa mara kwa mara kwa kiasi kidogo. Vichala vilivyotunga baada ya hapo havikuoza.

Ila hata tuta la kati lilitoa nyanya chache zilizooza kitako, na lenyewe halikuwa na kiu. Nadhani sababu ni kasi. Naitrojeni nyingi inaufanya mmea uote majani mengi yanayonyang'anya maji, na tunda linavimba haraka kuliko kalsiamu inavyofika. Isitoshe, amonia na potasiamu zikizidi hushindana na kalsiamu mlangoni mwa mzizi. Kirutubisho kimoja kikizidi, kingine kinaweza kukosekana ingawa kipo.

Utamu

Kipimo cha refraktomita kimetuchanganya mwanzoni. Nyanya za juu, ndogo, zimesoma sukari nyingi kuliko za kati. Tukionja, hakuna ubishi: ndogo ni tamu. Lakini mabega ya nyanya hizo yamebaki ya manjano na magumu hata zikiiva, alama inayohusishwa na upungufu wa potasiamu. Potasiamu husaidia usafirishaji wa sukari, asidi ya tunda na rangi nyekundu, ile laikopini. Nyanya za tuta la chini, penye potasiamu, zimeiva sawasawa hadi kwenye kikonyo, na chumvi kidogo ya udongo imezifanya ziwe tamu pia, kwa sababu chumvi huupunguzia mmea uwezo wa kuvuta maji na tunda linakuwa na maji machache.

Chumvi hiyo hiyo imeyakatisha tamaa maharage. Viwango vilivyokusanywa na Maas na Hoffman mwaka 1977 vinaonyesha maharage yakianza kupoteza mavuno chumvi ya udongo ikipita 1.0 dS/m (desisimensi kwa mita, kipimo cha chumvi kwa jinsi maji ya udongo yanavyopitisha umeme), nyanya 2.5, na kiazisukari chekundu 4.0. Kwenye tuta la chini mpangilio ni huo huo kwa macho: maharage yamenyong'onyea, kiazisukari kinatamba.

Spinachi

Hapa ndipo dau la watu wote lilipowekwa kwenye tuta la kati, na kwa uzito limeshinda bila mshindani. Majani mapana, kijani kilichokolea hadi kuelekea buluu. Mtu yeyote angenunua hayo kwanza.

Karatasi ya nitrati nayo imekolea kuliko ya matuta mengine, kila tulipopima. Mmea huchukua nitrati na kuigeuza kuwa protini kwa nguvu ya mwanga. Udongo ukileta nyingi kuliko mwanga unavyoweza kushughulikia, ziada huwekwa akiba ndani ya seli, hasa kwenye vikonyo na mishipa mikubwa. Siku za mawingu akiba inapanda. Jioni, baada ya jua la kutosha, inashuka. Tulipopima majani ya alfajiri na ya alasiri kutoka mche mmoja, tofauti ilionekana bila kuhitaji miwani.

Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa miligramu 3,500 za nitrati kwa kilo ya spinachi mbichi. Karatasi zetu si za kutoa hukumu ya kisheria, kwa hiyo sitasema tumevuka au hatujavuka. Wala mtu asitishike na kuacha mboga za majani: mwaka 2008 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipima suala hili ikaona kwamba kwa ujumla faida za kula mboga zinazidi hatari ya nitrati. Watoto wachanga wanahitaji uangalifu zaidi. Kinachoniudhi mimi ni upande wa pili: naitrojeni ikizidi, vitamini C kwa kawaida inapungua. Mmea unaelekeza nguvu kwenye protini na majani mapya, sukari inapungua, na vitamini C hutengenezwa kutokana na sukari. Kijani kilichokolea kinatangaza naitrojeni, basi.

Tanuri

Tumekausha spinachi za matuta yote. Gramu mia za jani bichi la kati ziliacha mabaki mepesi kuliko za juu na za chini. Ziada ilikuwa maji.

Wataalamu huliita jambo hili uzimuaji. Jarrell na Beverly waliliandikia mwaka 1981: mbolea au maji yakiongeza ukuaji haraka kuliko madini yanavyofyonzwa, madini yanasambaa katika mwili mkubwa zaidi na kila kilo inabaki na kidogo. Mwaka 2004 Donald Davis na wenzake wa Texas walilinganisha takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 1950 na 1999 kwa mazao 43 ya bustani. Kati ya virutubisho 13, sita vilionyesha kushuka: protini, kalsiamu, fosforasi, chuma, vitamini B2 na vitamini C.

Utafiti huo hunukuliwa kila siku kuthibitisha kwamba udongo umekufa. Waandishi wenyewe hawakusema hivyo; waliona sababu inayoelekea zaidi kuwa mabadiliko ya aina za mbegu, zilizochaguliwa kwa wingi wa mavuno. Sisi tumetumia mbegu moja, kwa hiyo tofauti tunazoziona ni za udongo, lakini mtu akibadilisha mbegu anaweza kupata tofauti kubwa kuliko hizi zote. Nasema hivi hata kama inaupunguzia mradi wetu ukubwa.

Karoti na vitunguu

Karoti: za juu zimenyooka, za chini zina miguu miwili mitatu. Mzizi ukigonga bonge gumu hugawanyika. Kwa lishe haibadilishi kitu, kwa soko inabadilisha kila kitu.

Vitunguu vya kichanga ni vitamu, havitoi machozi. Salfa huoshwa kwa urahisi kutoka kwenye mchanga, na ukali wa kitunguu hutengenezwa na misombo yenye salfa. Sifa ya vitunguu vya Vidalia, huko Georgia nchini Marekani, inasimama juu ya udongo wa namna hiyo hiyo, wenye salfa chache. Anayetaka ukali na harufu, na uwezo wa kukaa ghalani muda mrefu, asiende kwenye mchanga.

Majibu ya mwisho ya maabara

Spinachi: kwa uzito mbichi, magnesiamu na potasiamu zimekuwa juu kwenye tuta la chini. Chuma hakikufuata matarajio yetu, na sitakipa uzito, kwa sababu punje ya vumbi kwenye jani la spinachi inatosha kuharibu kipimo cha chuma. Kalsiamu ya spinachi tumeipita pia: nyingi imefungwa na oksalati, kiungo cha jani lenyewe kinachoishika, na mwili wa mlaji hauipati vizuri, udongo uwe wowote.

Kitunguu ndicho kilichotushangaza. Zinki kwenye udongo wa kati ipo ya kutosha, maana samadi huja nayo. Lakini vitunguu vya kati vimepata zinki chache kuliko vya nusu ya juu yenye chokaa. Kitunguu kina mizizi michache, minene, isiyo na vinyweleo vya maana, kwa hiyo hutegemea sana kuvu wanaoishi nayo. Nyuzi zao hufika mbali na kuleta fosforasi na zinki, na mmea huwalipa sukari. Fosforasi ikiwa imejaa mlangoni, mmea hauoni haja ya kuwalipa, kuvu wanapungua, na zinki waliyokuwa wakiileta inapungua nao. Spinachi na koliflawa hazina ushirika huo, na kwenye hizo tofauti ya zinki haikujitokeza. Msimu mmoja hautoshi kulifunga suala hili, ila mwelekeo unaendana na kinachojulikana kuhusu kuvu hao.

Kisichoonekana kabisa

Kuna madini ambayo mlaji anayahitaji na mmea hauna shida nayo. Seleniamu na iodini ni za kundi hilo. Mboga inaweza kustawi, kung'aa, kushinda kila kipimo chetu cha shambani, na ikawa haina seleniamu, kwa sababu udongo hauna na mmea haulalamiki. Finland ilikabili tatizo hilo kitaifa: udongo wake ulikuwa na seleniamu chache inayopatikana, na mwaka 1984 ikaamua kuichanganya kwenye mbolea za mazao. Kiwango cha seleniamu kwenye chakula na kwenye damu ya watu kikapanda. Sisi hatukupima seleniamu. Tumeiweka kwenye orodha ya msimu ujao, sampuli moja kila tuta.

Msimu ujao

Tuta la kati halipati samadi wala mboji. Tutapanda mahindi machanga yanyonye ziada, kisha mabua yatolewe shambani badala ya kurudishwa. Spinachi itakayofuata hapo itavunwa alasiri, na vikonyo vitapimwa mbali na bapa la jani.

Tuta la juu: chokaa kwenye nusu iliyobaki, mboji ya kushika maji, potasiamu kidogo kidogo badala ya kwa mkupuo, maana mchanga haushikilii. Boroni tutaipima kabla ya kuiweka, kwa sababu pengo kati ya kiasi kinachotosha na kiasi kinachoua ni jembamba.

Tuta la chini: mfereji wa kutolea maji kwanza, ili chumvi ipate pa kwenda. Maharage yanahamia juu, na kiazisukari kinabaki kilipo.

Sampuli za udongo zinachukuliwa tena wiki ijayo, kwa ndoo ile ile.